Debe la Mnanaa

Nilikwenda Mikumi kwenye arobaini ya mtu ambaye kwa miaka zaidi ya hamsini nilijua anakoishi na sikwenda kumwona hata siku moja. Kutoka Kimamba hadi Mikumi si safari ya kumshinda mtu. Nilisingizia mvua, nikasingizia magoti, nikasingizia wajukuu, mpaka alipokufa ndipo sababu zote zikaniishia kwa mpigo mmoja. Nikavaa kanga zangu nzuri, nikapanda gari, na njia nzima nilikuwa nikijiambia kwamba leo nitasema. Sisi wazee tunapenda kusimulia ya zamani kana kwamba tulikuwa watazamaji tu: Mwingereza alifanya hivi, mnyapara alifanya vile. Mwaka ninaousimulia hapa mimi sikuwa mtazamaji. Nilikuwa na miaka kama ishirini, nimeolewa, sijazaa bado, na kazi yangu ilikuwa kuuzuia mnanaa usitoke ndani ya debe.

Shamba lilikuwa la mkonge, upande wa Kilosa, si mbali na Kimamba, na tulikaa kambini, nyumba za udongo zilizopangwa mistari, chumba kimoja kwa kila mume na mkewe. Ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba jirani akigeuka kitandani unamsikia. Chumba chetu kilikuwa na kitanda cha kamba za katani, mafiga ya kupikia siku za mvua, na harufu ya korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge, harufu ya kitu kilichooza iliyoingia mpaka kwenye unga. Mume wangu Shabani alikuwa mmoja wa wale walioilisha korona majani. Hatujamaliza hata miezi mitatu ya ndoa, ikamchukua mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Alirudi kutoka hospitali akawa mtu wa kukaa mlangoni na kuhesabu kunguru. Manamba, ndivyo tulivyoitwa vibarua wa mkataba, akikosa mkono amekosa na nyumba, na hilo halikuhitaji kuandikwa popote. Kilichotuokoa ni mke wa meneja. Alikuwa ameletewa wanaume watatu wamtunzie bustani, na wote watatu walipalilia maua kama wanavyokata mkonge, akasema basi, nileteeni mwanamke. Mpishi wake, Mzee Salumu, akanitaja mimi. Kwa hiyo tulibaki kambini kwa ajili ya maua ya watu, na siku ambayo ningefukuzwa bustanini, Shabani naye angetoka na mkono wake mmoja.

Memsabu, ndivyo tulivyomwita, alikuwa mwembamba, mwenye shingo nyekundu, na wala hakuwa mtu wa kupiga kelele. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, na kila kitu kwake kilikuwa "yeye", hata jembe. Vuli ilipoanza, siku moja alirudi kutoka Kilosa mjini na kitambaa kibichi mkononi, ndani yake vijiti vitatu vyenye majani madogo yaliyojikunja. "Mwajuma," akaniambia, "hii jani mwizi. Yeye nakula bustani yote. Weka yeye ndani ya debe. Hapana toka!" Akachuchumaa mwenyewe kunionyesha. Debe nilikate kitako chote ili maji yapite, nilizike mpaka shingoni, ukingo ubaki juu ya udongo vidole vinne, maana mnanaa hupanda ukingo kama mbuzi. Kila Ijumaa nikate vitawi vinavyochungulia nje, na nilichokata nikichome moto, nisitupe, kwa sababu kipande kidogo kama ukucha kikigusa udongo mbichi kinaota. Niliona ni maneno ya mtu mwenye nafasi. Nilikuwa nimelima tangu ninajua kutembea, sijawahi kusikia mboga inayofungwa jela. Mchana, nikinywa uji nyuma ya jiko, niliwasikia yeye na mumewe wakizungumza mezani, na Mzee Salumu akininong'oneza tafsiri dirishani: "Anasema kule walikokaa kwanza huo mnanaa ulimmalizia waridi zote." Halafu akaongeza la kwake: "Unajua wanaufanyia nini? Wanachoma nyama ya kondoo, nyama nzuri kabisa, halafu wanaimwagia majani na siki na sukari. Mimi naonja kwa sababu ni kazi." Jioni aliyarudia hayo kambini na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Debe alilonipa lilikuwa jipya, la mafuta ya taa, linang'aa hata unaona meno yako, na ubavuni lina alama nyekundu ya stoo. Watoto wa leo wenye ndoo za plastiki hawawezi kujua debe lilikuwa nini kambini. Lilikuwa mtungi, lilikuwa kipimo cha unga, lilikuwa chombo cha pombe, na likizeeka ukilifumua linakuwa mlango. Nilikaa nyuma ya banda, nimeligeuza kitako juu, patasi mkono huu na nyundo mkono huu, na sikuweza. Nilimfikiria Mama Fidelis. Alikaa nyumba ya mwisho ya mstari wetu, Mngoni, amekuja na mumewe kwa mkataba kutoka Songea, na mtoto wao Fidelis wa miaka minne. Shabani alipokuwa hospitali, ni yeye aliyekuja kulala chumbani kwangu ili nisilie peke yangu, akanipikia uji wa ulezi na kunisimamia mpaka niumalize. "Kula, mdogo wangu. Mgonjwa hasubiriwi kwa njaa." Debe lake lilikuwa limetoboka mbavu na kitako. Aliziba matundu kwa sabuni, na sabuni ikiyeyuka njiani maji yanamlowesha mgongo, anafika nyumbani na nusu, anarudi tena kisimani. Debe la kuzikwa ardhini, nikajiambia, la nini kuwa zima? La kuvunda halina ubani. Kesho yake mchana nikampelekea lile jipya. Akalizungusha mikononi.

"Umelitoa wapi?"

"Nimepewa."

"Umepewa, halafu unanipa mimi?"

"Lete hilo lako bovu, dada. Lina kazi."

"Debe bovu lina kazi gani? Unataka kufuga mchwa?" Akacheka, akanipa. Fidelis alikwisha kulikalia lile jipya na kulipiga ngoma, na mama yake akamfokea asije akalitoboa. Lile bovu nikalizika vizuri, ukingo juu vidole vinne kama nilivyofundishwa, nikapanda vijiti vitatu. Memsabu alikuja, akatazama, akasema, "Mzuri sana."

Nimejiuliza mara nyingi kosa langu lilianzia wapi, na sidhani lilianzia kwenye debe. Kutoa kitu kizima kwa mtu mwenye shida si kosa, na mpaka leo ningemtolea. Masika ilipokuja ndipo niliona mzizi mweupe, mnene kama uzi wa katani, umetoka kwenye tundu la ubavuni chini ya udongo na kushika njia. Mnanaa hauendi juu, unakwenda chini kimyakimya, halafu unatokea mahali ambapo hukuutia shaka. Nikaufukua, nikakuta mizizi mingine kumi, mirefu, imeelekea kule kulikokuwa na unyevu, kwenye mfereji uliotoa maji ya bafu la nyumba ya meneja. Niliing'oa yote kwa hofu. Ilikuwa ichomwe moto, lakini mvua ile ilikuwa haiachi hata kiberiti kiwake, na mimi nilikuwa nimelowa, na Shabani alikuwa na homa nyumbani. Nikaikusanya mikono miwili, nikaitupa mferejini. Maji mekundu yakaichukua. Nilijisikia mwepesi, nikanawa mikono, nikaenda nyumbani kupika.

Ule mfereji ulishuka kutoka nyumba ya meneja, ukapita kando ya mstari wetu, ukaishia kwenye kidimbwi nyuma ya nyumba ya Mama Fidelis. Nilijua hivyo. Kila siku nilikuwa nauruka.

Memsabu alikuwa na desturi ya ukaguzi wa usafi. Mara moja kwa mwezi alishuka kambini na mnyapara mkuu, na mimi nyuma nimembebea kapu la sabuni, zawadi ya nyumba itakayoshinda. Mama Fidelis alikuwa ameshinda mara mbili. Uwanja wake aliufagia mpaka ukabaki na mistari ya ufagio kama nywele zilizochanwa. Siku hiyo mvua zilikuwa zimekatika, jua kali, wanawake wamesimama milangoni. Memsabu akazunguka nyuma ya nyumba ya Mama Fidelis kutazama kidimbwi, na nikamwona amesimama ghafla. Alikuwa amekanyaga. Harufu ikapanda, ile ile ya Ijumaa zangu, nami nikaijua kabla sijaona jani. Yalikuwa mengi kando ya maji, yamenawiri, mazuri kuliko ya bustanini. Halafu alipoinua macho akaona debe limelazwa ubavu ukutani likikauka, alama nyekundu inatazama juu. Akaita. Mama Fidelis akaja akifuta mikono kwenye kanga, anatabasamu, amedhani ni habari ya sabuni.

"Nani nakupa hii jani?"

Mama Fidelis akatazama chini. "Haya? Haya yameota yenyewe, Memsabu. Nimeyang'oa mara mbili, yanarudi."

Watu wakacheka. Ilikuwa kweli tupu, kweli ya mtu anayefagia uwanja wake kila asubuhi, na wote wakacheka, maana kila mtu alijua kuwa majani yale yako mahali pamoja tu, yamefungwa kwenye debe. Mnyapara akampiga kofi. "Jibu vizuri! Na debe la stoo nalo limeota?"

"Debe nimepewa."

"Na nani?"

Mama Fidelis akafuta tena mikono kwenye kanga. Hakunitazama hata mara moja, na kwa kutonitazama nilijua kuwa ananiona. Memsabu akageuka kwangu. Uso wake haukuwa na hasira, nasema haki yake. Nadhani alitaka kweli kujua. "Mwajuma, wewe fundi ya hii jani. Yeye nasema kweli? Hii jani naweza tembea, toka juu kuja hapa?"

Hakuna mtu katika shamba lile lote aliyekuwa na jibu hilo isipokuwa mimi. Ningesema ndiyo, inatembea, angepanda bustanini kutazama imetokea wapi, angefukua debe, na angekuta si debe lake. Nikaona mlango wetu na Shabani amekaa pale. Kapu la sabuni likaanza kunielemea.

"Sijui, Memsabu," nikasema.

Hawakupelekwa boma kushtakiwa. Watu walisema ni huruma. Baba Fidelis aliitwa kutoka mashambani na panga lake la kukatia, akanyang'anywa kipande, ile kadi ya kuandikia siku za kazi, zikiwa zimebaki siku chache kijae, akaambiwa jua lisizame akiwa kambini. Alifunga mizigo, na alipokuwa anakaza kamba ya mkeka alisema kwa sauti, wote tusikie, "Kikulacho ki nguoni mwako." Alidhani kuna jirani aliyewachongea. Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake, nimewaletea viazi vya kuchemsha vya njiani. Waliamua kushika njia ya Mikumi, kwa miguu mpaka wapate lori, wafike Kidodi kwa ndugu yake mmoja. Mama Fidelis akanivuta pembeni ya ukuta, shavu bado limevimba.

"Usiseme kitu, mdogo wangu," alisema. "Mumeo hana mkono. Sisi tuna mikono minne."

Nikamtii. Sijawahi kumtii mtu upesi namna hiyo. Nilitaka kumshika miguu, badala yake nikampa viazi.

"Lakini hebu niambie," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshangaa tu, hana kisa na mimi, "yale majani yalitoka wapi? Naumia kuitwa mwongo. Nimeyang'oa kweli."

Hapakuwa na mnyapara pale, wala Memsabu. Ningeweza kumwambia yeye peke yake, asingelipeleka popote. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema sijui mchana mbele ya watu, na neno likishatoka mara moja linapata njia. Nikaona pia kwamba kunisamehe debe amenisamehe, bali hili la kumwacha apigwe kofi kwa kusema kweli, hata malaika asingelisamehe. "Sijui, dada," nikasema. Akanipapasa bega, akamweka Fidelis mgongoni, wakaondoka. Mtoto alikuwa analilia debe lake.

Habari ilirudi baada ya wiki tatu, kwa dereva wa lori aliyekuwa akila jikoni kwa Mzee Salumu. Niliisikia nikiwa nje ya dirisha na dodoki la kusugulia sufuria. Kuna manamba wa hapa, dereva alisema akitafuna, nimewakuta karibu na Mikumi, hawakupata lori siku nne, mtoto wao ameharisha njiani, wamemzika pembeni mwa barabara. Mke amekataa kuondoka pale. Mzee Salumu akasema, "Ndiye Fidelis." Kisha akamwuliza kama anataka mchuzi zaidi. Siku ileile Memsabu aliagiza majani ya chakula cha mchana, nikayachuma, nikayapeleka, nikasikia kijiko chake kikigonga bakuli. Kesho yake nilimwagia mnanaa ule maji ya moto. Ukakauka wote, akaniuliza umekuwaje, nikasema wadudu. Baada ya wiki mbili ukachipua upya, kijani kibichi, na akafurahi.

Tulikaa kambini miaka mingine mitano. Hilo ndilo nililolinunua. Shabani alijifunza kusuka kamba kwa mkono mmoja na vidole vya mguu, tukapata watoto, akafa mzee kitandani kwake Kimamba, na hata yeye sikumwambia. Nyumba ya meneja ilibaki kuta, halafu hata kuta zikaenda. Mnanaa haukwenda popote. Umejaa mfereji wote ule na kushuka mpaka bondeni, watu wa Kimamba wanautia kwenye chai, na mkwe wangu alipouleta nyumbani mara ya kwanza nilimwambia unaniumiza kichwa.

Asubuhi ya safari ya Mikumi nilikwenda mferejini, nikachuma matawi mawili, nikayafunga kwenye pindo la kanga. Msiba ulikuwa nyumba ya kando ya barabara kuu, malori ya Iringa yanapita vikombe vinatetemeka. Tulikula ubwabwa na maharage, padri akasoma, watu wakaanza kuaga. Aliyekuja kukaa nami alikuwa binti wa marehemu, Tekla, mwanamke mzima mwenye mvi, aliyezaliwa hapahapa Mikumi baadaye. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu." Akaniambia nilichokuwa sijui. Baba yake alihamia Kidodi kwenye miwa, akawa anakuja kila mwisho wa mwezi, maana mama yake alikataa kwenda, kwa sababu ya kile kikaburi. Alilima jirani nacho maisha yake yote. "Na hakukubali kuitwa Mama Tekla," alisema. "Tulizaliwa watano, wote wazima, na yeye mpaka anakufa ni Mama Fidelis. Watu wakimwuliza huyo Fidelis yuko wapi, anasema, yupo." Halafu akanitazama vizuri. "Wewe ndiye Mwajuma wa debe?"

Nikasema ndiyo, ni mimi.

"Alikutaja sana. Alisema kule shambani ulimpa debe zima watu wote wakiwa na mabovu, na ungetajwa ungefukuzwa na mume hana mkono. Hakuwahi kukulaumu, bibi, uondoe wasiwasi." Akanijazia chai. "Kuna jambo moja tu lilikuwa likimsumbua, hata mwaka huu, akili zimeanza kumpotea, alikuwa analirudia. Anaamka anasema: yale majani yalitoka wapi?"

Nikafungua pindo la kanga. Matawi yalikuwa yamenyauka kidogo lakini harufu ilijaa chumba. Nikayaweka mezani kati ya vikombe, nikamweleza yote, debe bovu, tundu la ubavuni, mvua, mikono yangu miwili, mfereji na unapoishia. Nilimweleza kwamba niliulizwa mara mbili, mara ya pili na mama yake mwenyewe. Sikulia. Nilikuwa nimeogopa kwamba nitalia halafu atanibembeleza.

Malori mawili yakapita, Tekla akavishika vikombe visitetemeke.

"Kwa hiyo mama alisema kweli," akasema.

"Alisema kweli."

"Si angeambiwa, basi."

Akainuka, akayaokota yale matawi, akaokota na jani moja lililoanguka chini, akapangusa meza kwa kiganja asiache hata kipande. Akanishika mkono, akaniwekea yote, akavifunga vidole vyangu juu yake kwa upole, kama mtu anavyomfungia mtoto sarafu ya dukani.

"Ondoka nayo, bibi," akasema. "Yasije yakaota hapa."

Nikayafunga tena kwenye pindo la kanga.